Kongo Ina Majirani Watatu

Ukifungua ubao wa mchezo unaoitwa Risk utaona dunia nzima imekatwa vipande 42. Afrika imepewa vipande sita tu: Afrika Kaskazini, Misri, Afrika Mashariki, Kongo, Afrika Kusini na Madagaska. Kongo iko pale katikati, kipande kimoja, rangi moja na Afrika nyingine, na majirani watatu. Sisi tuliotoka huko tunajua majirani ni tisa, na wengi wetu tunaweza kuwahesabu kwa vidole kwa sababu kila familia ina ndugu aliyeangukia mojawapo ya hizo nchi. Kwenye ubao wetu hata ziwa Tanganyika halipo. Kutoka Kongo kwenda Afrika Mashariki ni kuvuka mstari tu. Hutafuti mtumbwi, humlipi mwenye injini, hungoji usiku.

Mchezo huu ulibuniwa na Mfaransa mmoja, Albert Lamorisse, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu. Ni yeye aliyetengeneza ile filamu ya mwaka 1956 ya mtoto na puto jekundu, filamu ya upole kabisa. Mwaka uliofuata, 1957, mchezo wake ukatoka Ufaransa kwa jina La Conquête du Monde, yaani kuiteka dunia. Mwaka 1959 kampuni ya Marekani, Parker Brothers, ikautoa kwa jina la Risk. Hebu iangalie hiyo tarehe. Januari 1959 watu wa Léopoldville walikuwa barabarani, na wengi walipigwa risasi. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1960, nchi ikapata uhuru. Kwa hiyo wakati babu zetu wanadai Kongo yao, Kongo nyingine ilikuwa tayari inauzwa madukani ndani ya boksi, pamoja na dadu.

Sheria yenyewe ni rahisi. Zamu yako ikifika unahesabu maeneo uliyonayo, unagawa kwa tatu, unapewa vikosi vipya. Ukishika bara zima unaongezewa: Asia vikosi saba, Ulaya vitano, Afrika vitatu. Yaani ardhi inazaa askari. Hakuna anayewalisha, hakuna anayewalipa, na hakuna aliyekuwa anaishi kwenye hiyo ardhi kabla hawajafika. Ukishinda unapata ardhi zaidi, ardhi inakupa askari zaidi, na askari wanakupa ardhi. Ukishindwa kabisa, kadi zako zote anachukua aliyekumaliza, wewe unakaa pembeni unaangalia wenzako.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na boksi la Risk lilitufikia ndani ya furushi la misaada, pamoja na mipira na kamba za kuruka. Vijana waliupenda siku hiyohiyo. Lakini papa mmoja wa zoni yetu, mtu wa Fizi, alisimama mlangoni akaangalia kama dakika kumi, halafu akasema: "Tulikimbia vita, sasa nyinyi munaileta ku meza?" Akaenda zake. Swali kama hilo la mzee huwezi kulijibu kwa kuropoka. Nimesoma kadiri nilivyoweza kupata, na makala hii, Papa, ni jibu langu, hata kama utasomewa na mjukuu.

Kwanza, Papa hakukosea kuuona mchezo kama vita. Michezo ya aina hii ilizaliwa kwenye meza za wanajeshi. Prusia, dola la Wajerumani wa zamani, ilipigwa vibaya na Napoleon huko Jena mwaka 1806. Mwaka 1812 baroni mmoja, Georg Leopold von Reiswitz, alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza kubwa yenye droo. Juu yake kulikuwa na vigae vya jasi vilivyochongwa milima, mito, misitu na vijiji, ambavyo unaweza kuvipanga upya kila mara ukapata nchi nyingine. Mfalme na wanawe wakacheza nyumbani kwao.

Mtoto wa baroni, naye Georg, alikuwa ofisa wa jeshi. Yeye akaacha vigae akatumia ramani halisi, akaweka dadu kwa ajili ya bahati ya vita, akaweka mwamuzi. Halafu akaongeza jambo la akili sana: mchezaji haoni kila kitu. Anaambiwa na mwamuzi kile tu ambacho askari wake wangeweza kukiona. Mwaka 1824 aliuonyesha mchezo huo kwa mkuu wa wapanga vita, jenerali von Müffling. Inasimuliwa kwamba jenerali alikuja bila hamu, akaondoka akisema kwamba huu si mchezo hata kidogo, ni shule ya vita. Ukaingizwa jeshini. Kijana mwenyewe hakufaidi, alijiua mwaka 1827. Lakini Prusia ilipoishinda Ufaransa mwaka 1871, majeshi mengine yakataka kujua wale wanajifunzaje, nayo yakaanza kucheza.

Kinachonisumbua mimi ni vile vijiji vya jasi. Kijiji kilikuwepo mezani, ndiyo, lakini kilihesabiwa kama kilima kinavyohesabiwa: mahali pa askari kujificha, mahali pa kupunguza mwendo. Mwamuzi alikuwa na hesabu ya askari wangapi wanakufa kwa mizinga. Waliokuwa ndani ya kijiji hawakuwa na hesabu yao.

Sasa, kuna mtu mmoja ambaye alicheza mchezo wa namna hii bila boksi. Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukaisha tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa, ramani kubwa ya Afrika ikiwa imetundikwa ukutani, na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hakuwemo chumbani, alituma watu wake. Mwaka huo 1885 akapata Kongo kuwa mali yake binafsi, si ya Ubelgiji, yake mwenyewe. Aliishika mpaka 1908. Kongo hakuikanyaga hata siku moja maisha yake yote. Mchezaji wa Risk naye hakanyagi ubao, sivyo?

Na tofauti na Risk, yeye hakutafuta ardhi ili apate askari. Alitafuta faida. Sehemu kubwa za nchi aligawia makampuni, kama ABIR na Anversoise huko kwenye mpira wa msituni, na dola lake lenyewe likiwa na hisa humo. Wanawake walifungwa mateka mpaka waume zao walete mpira wa kutosha. Baada yake mtindo wa kugawa vipande uliendelea. Katanga ilikuwa na kamati yake toka 1900, na kampuni ya madini, Union Minière, toka 1906. Kwetu Kivu ikaja Comité National du Kivu mwaka 1928, ikapewa mamlaka juu ya ardhi kubwa mno. Mtu anayeuliza kwa nini mashamba ya Kivu yana ugomvi mpaka leo, na aanzie hapo kabla hajaanza kutaja makabila.

Kiswahili kina neno moja ambalo linaunganisha mambo haya mawili, vita na faida, na nadhani wazee wanaocheza bao chini ya mwembe hawaoni ajabu yoyote ndani yake. Neno hilo ni mtaji. Sokoni mtaji ni zile pesa unazoanzia biashara. Kwenye bao mtaji ni pale unapocheza na kula kete za mwenzako. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mwanzoni mnanamua, mnaingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji. Warundi wenzetu hapa kambini wana igisoro yao, mashimo ni hayohayo, sheria mbali kidogo. Kitu kimoja tu nikitaje: katika bao, kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Inavuka upande wa pili na kusambazwa kule, na kuanzia hapo inamfanyia kazi aliyeila. Ukihesabu mwisho wa mchezo bado ni 64. Katika Risk anayeshindwa anarudi ndani ya boksi.

Haya, tuje kwenye faida yenyewe, maana hapa ndipo nilipokuta hadithi ambayo nilitamani Papa aijue.

Karibu kila mtu amesikia Monopoly: unazunguka ubao, unanunua viwanja, unajenga nyumba, wenzako wakikanyaga kwako wanakulipa kodi ya pango, mpaka wamefilisika. Kwa miaka mingi boksi lilisimulia kwamba mchezo huu alibuni Charles Darrow, mtu asiye na kazi wakati uchumi wa Marekani umeanguka, akauuza kwa Parker Brothers mwaka 1935, akatajirika. Hadithi tamu kwa mtu maskini. Si kweli.

Aliyebuni ni mwanamke, Elizabeth Magie, ambaye walimwita Lizzie. Aliwahi kufanya kazi ya kuandika hati mkato ofisini. Alikuwa mfuasi wa mawazo ya Henry George, aliyefundisha kwamba ardhi hakuna aliyeiumba, kwa hiyo thamani yake inapopanda kwa sababu ya watu wote, kodi yake iende kwa watu wote na si mfukoni mwa mwenye hati. Lizzie aliona kwamba kuhubiri hakutoshi. Akachora mchezo, na tarehe 5 Januari 1904 serikali ya Marekani ikampa hataza, ile karatasi inayosema uvumbuzi huu ni wako. Aliuita The Landlord's Game, mchezo wa mwenye ardhi.

Ubao wake ukiutazama utacheka halafu utanyamaza. Kwenye kona moja kuna Mama Dunia, ukipita hapo unapokea mshahara kwa sababu umefanya kazi. Kuna bustani ya umma. Kuna nyumba ya maskini, ndiko unakoishia ukikosa pesa. Na kuna shamba la lodi wa Uingereza ambaye hayupo, yuko kwao. Ukikanyaga shamba lake umevamia, unaenda jela. Na mchezo wake ulikuja kuwa na sheria za aina mbili. Aina ya kwanza, mmoja anakusanya kila kitu na wengine wanafilisika. Aina ya pili, kodi ya ardhi inaingia kwenye mfuko wa wote, na kila mmoja anapata. Alitaka watu wacheze zote mbili, waone wenyewe kwa mikono yao. Hiyo ya kwanza ilikuwa onyo.

Mchezo ukasambaa kwa miaka thelathini, mara nyingi bila kupitia dukani. Watu walichora ubao wao kwenye kitambaa au mbao, wakabadilisha majina ya mitaa kufuata mji wao. Waquaker wa Atlantic City, ndugu wa hawa wa Kanisa la Marafiki tulio nao huku Maziwa Makuu, ndio waliotia majina ya mitaa ya mji wao ambayo yapo mpaka leo. Darrow alifundishwa hapo katikati, akachora wake, akauza. Sheria zilizobaki zilikuwa za aina ya kwanza. Zile za pili zilipotea njiani, labda kwa sababu mchezo usio na wa kumkandamiza hauchekeshi. Hapo sitawasingizia matajiri peke yao. Hata vijana wangu ukiwapa nafasi wanachagua aina ya kwanza.

Parker Brothers walipogundua kuna hataza ya mwanamke, walimfuata wakainunua, dola 500, bila fungu lolote la mauzo. Alifariki mwaka 1948. Katika sensa ya mwaka 1940, kwenye nafasi ya kazi aliandikisha kwamba ni mtengeneza michezo, na kwenye nafasi ya kipato ikaandikwa sifuri. Sisi ambao tumejaza fomu nyingi tunajua uzito wa hiyo sifuri.

Na nani aliyefukua habari hizi? Mkimbizi. Ralph Anspach alizaliwa Danzig, akiwa kijana mdogo wa familia ya Kiyahudi aliwakimbia Wanazi mwaka 1938 akafika Marekani. Baadaye akawa mwalimu wa uchumi chuo kikuu huko San Francisco. Mwaka 1973 alitoa mchezo wake, Anti-Monopoly, ambamo wachezaji wanavunja makampuni makubwa badala ya kuyajenga. Wenye Monopoly wakamwambia jina hilo ni letu, acha. Hakuacha. Kesi ikaenda karibu miaka kumi. Mahakama ya kwanza ilimpiga, na maelfu ya maboksi ya mchezo wake yakafukiwa ardhini kama takataka huko Minnesota. Aliweka rehani nyumba yake, kitu ambacho kwenye Monopoly unageuza kadi tu. Ili kujitetea ilibidi athibitishe kwamba mchezo ulikuwepo kabla ya Darrow, basi akaanza kuwatafuta wazee waliocheza zamani, mmoja akimtuma kwa mwingine, mpaka akafika kwenye hataza ya Lizzie Magie. Akashinda rufaa, na mwaka 1983 mahakama kuu kabisa ya Marekani ikakataa kuifungua tena kesi.

Naipenda sehemu ile ya kuwatafuta wazee. Historia ya yule mama haikuwa imefungiwa kabatini na mtu. Karatasi ya hataza ilikuwepo ofisini wakati wote, na wazee walikuwepo majumbani kwao wakati wote. Aliyekosekana ni mtu wa kuwauliza. Na aliyeuliza ni yule ambaye kwao alishanyang'anywa kila kitu, ambaye pengine hakuwa na sababu ya kuamini kila hadithi iliyoandikwa kwenye boksi.

Miaka ya karibuni watu wengine wameanza kuuliza lile swali la Papa, kwa namna yao. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani, GMT Games, ilikuwa inaandaa mchezo wa kugombania Afrika, wachezaji ni mataifa ya Ulaya. Watu wakalalamika kwamba maumivu ya bara zima yamefanywa burudani, kampuni ikauondoa. Mimi nina mawazo mawili juu ya hilo. Kuuondoa ni heshima, sawa. Lakini mchezo ambao ungemfanya mtoto wa Ulaya akae kwenye kiti cha Leopold, halafu alazimike kuhesabu waliokufa, huo ningetaka auone.

Poland wamejaribu njia nyingine. Mchezo wa kompyuta wa mwaka 2014, This War of Mine, ambao mwaka 2017 ukafanyiwa na wa mezani, humpi mtu jeshi hata moja. Nyinyi ni raia wachache mmekwama ndani ya nyumba iliyobomoka, mji umezingirwa kama Sarajevo ilivyozingirwa. Mnatafuta dawa, kuni, chakula. Usiku mmoja anatoka kutafuta, wengine wanalinda. Unaweza kumwibia mzee akiba yake ukaishi, na baadaye mwenzako akakaa kitandani hataki kuongea. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuweka kwenye orodha ya vitu vya kujisomea vya wanafunzi wa sekondari. Sisi hatuna huo mchezo. Sijui kama tungeuhitaji, wengi wameshaucheza.

Basi hapa kwetu. Baada ya lile neno la Papa, boksi sikulificha. Niliweka ubao mezani nikawaeleza vijana habari ya vile vijiji vya jasi, nikawauliza: hapa kwenye Risk, wenyeji wako wapi? Wakakaa kimya kidogo. Halafu binti mmoja, ana miaka 16, akachukua mahindi kutoka kwenye kikombe, akaweka punje tano kwenye kila eneo la Afrika. "Hawa ndio watu," akasema. Tukakubaliana: eneo likishambuliwa, punje hazirudi boksi. Zinahamia kwa jirani.

Mchezo ukaharibika papo hapo, kwa maana nzuri. Mwenye Afrika Mashariki, ambaye hakumpiga mtu, ghafla ana punje 15 na anauliza zinakula nini. Wakatunga sheria kwamba kila punje tano za wageni zinampunguzia kikosi kimoja kila zamu. Kijana mwingine akapinga kwa sauti ya juu: kwa nini zimpunguzie? Zikiruhusiwa kulima na kufanya biashara si zitamwongezea? Mtaji wa mtu ni mikono yake. Wakabishana mpaka jua likazama, na hakuna aliyekumbuka nani alikuwa anashinda. Mmoja akataka sheria ya kufunga mpaka. Binti wa mahindi akamuuliza: ukifunga, hizi zilizo katikati ya mstari ziende wapi? Akaziacha palepale juu ya mstari, kati ya Kongo na Afrika Mashariki.

Siku hizi tuna karatasi mbili zimebandikwa ndani ya kifuniko cha boksi. Ya kwanza punje ni mzigo, ya pili punje zinalima. Kabla ya kuanza tunapiga kura ni ipi. Ile sheria ya kufunga mpaka bado haijapita, kila Jumamosi inaletwa upya. Papa naye amekuja mara mbili. Mara ya kwanza alisimama mlangoni kama zamani. Mara ya pili aliomba kiti, akaangalia ubao muda mrefu, akauliza kwa nini Kongo ina majirani watatu. Akaomba kalamu, akaanza kuchora ziwa.